Nani atamjibu mdogo wako?

Shoga yangu Mama Zuwena,

Salamu nyingi. Mama anaendelea vizuri baada ya operesheni, mshono umekauka, na daktari kasema tukijaliwa tutarudi nyumbani baada ya wiki mbili. Ujumbe wako wa kutaka kumpeleka mdogo wako akakae zile siku kumi za taamuli ya Vipassana, za kukaa kimya na kujitazama, kama tulivyokaa sisi enzi za Pune, India, niliusoma wodini. Nisamehe kwa ukimya. Nilishindwa kukujibu ndiyo au hapana, na bado nashindwa.

Nimekwenda tena, unajua? Kaka alipofika Mumbai kushika zamu ya kumuuguza mama, nikapanda treni. Kengele ni ileile, saa kumi alfajiri. Simu tulizisalimisha mlangoni, wanawake kwao, wanaume kwao, jioni chai na matunda. Na sauti ni ileile. Unamkumbuka Goenka, mwalimu wa kozi hizi, anavyoimba Kipali, ile lugha ya kale ya vitabu vya Kibudha, anaburuta neno la mwisho mpaka linazama kooni? Tulipokwenda 2009 tulimsikia kwenye rekodi pia, lakini mzee mwenyewe alikuwa hai. Alifariki Septemba 2013. Safari hii nilikaa safu ya mbele, nikamwona mwalimu msaidizi ananyoosha mkono, anabonyeza kitufe, na marehemu anaanza kutufundisha. Moyo ulinishtuka.

Siku ya sita akanijia baba. Nililia mpaka vidole vikafa ganzi. Mchana, ule muda wa maswali, nikaenda mbele. Mwalimu mwenyewe mpole, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia niendelee kutazama tu, kila kinachokuja kitapita. Ndiyo maneno niliyoyasikia asubuhi kwenye spika. Mimi nilitaka aniulize baba yako alikufaje.

Usiku ule nilimuwaza sana U Ba Khin, mwalimu wake Goenka. Hakuwa mtawa wa Kibudha. Alikuwa mtu wa mahesabu, ndiye Mhasibu Mkuu wa kwanza wa Burma ilipopata uhuru 1948. Naye alifundishwa na Saya Thetgyi, mkulima wa ng'ambo ya mto Yangon, aliyefundishwa na mtawa Ledi Sayadaw. Kisa ninachokipenda ni cha 1941, U Ba Khin akiwa afisa wa hesabu wa reli. Mtawa Webu Sayadaw alimhimiza aanze kufundisha, na mwanafunzi wake wa kwanza akawa msaidizi wa stesheni masta, humo humo ndani ya behewa lake la kazi! Baadaye, 1952, akafungua kituo chake Yangon, pagoda yenye vyumba vidogo vya kutaamali kuizunguka. Huko kila mwanafunzi alimtazama kivyake, huyu akampa hivi, yule vile, kama fundi cherehani anayekupima kabla hajagusa mkasi.

Akafa Januari 1971, na kila mwanafunzi wake akaondoka na kipande chake cha mafundisho. Goenka alishatangulia India tangu 1969. Mama Sayamagyi aliendelea Yangon, kisha 1978 akahamia Uingereza na kuanzisha kituo Heddington, amefariki 2017. Ruth Denison, yule Mjerumani, aliruhusiwa kufundisha na U Ba Khin mwenyewe, akakaa jangwani California, akawa anawaacha watu watembee, wajinyooshe, walale chini wausikie mwili. Watu wa Goenka wakajitenga naye. Naye katangulia, 2015.

Simlaumu Goenka. Alitaka mafundisho yasije yakaongezwa chumvi na kila anayeyashika. Na hakutoza hata senti, vituo vinaendeshwa kwa sadaka za waliokwishamaliza kozi. Sisi wanafunzi wa kuhesabu nauli tungeingia wapi? Leo vituo ni zaidi ya 200 duniani na watu wanajaa. Lakini ninachokiona kinakufa ni kule kupimwa. Kwetu Lamu Habib Swaleh, mwanzilishi wa msikiti na chuo cha Riyadha, alikwisha kufa zamani, na Riyadha kunasomeshwa mpaka leo kwa sababu yuko mtu wa kukaa naye kitako, ukamuuliza, akakuuliza.

Ndiyo nakuja kwa mdogo wako. Mimi nilikuwa na msiba wa miaka minne, umeshaanza kupoa, na nilitikisika vile. Yeye mumewe hajamaliza hata mwaka. Siku ya sita ikimkuta, nani atamjibu? Ile fomu inauliza maradhi na dawa za akili, nakuomba msifiche kitu, hata kama mjomba wako atasema ni aibu. Na kama atakwenda, nataka niwe hapo. Nitajitolea jikoni, angalau nimwone akipita na sahani yake.

Niambie basi, analala sasa? Zile dawa anazimeza au anaziweka chini ya mto? Anamtaja marehemu, au bado kimya? Yeye mwenyewe anataka kwenda, au ni wewe uliyechoka kumwona vile? Anaweza kusubiri mpaka nirudi, nije Tanga nikae naye wiki moja tu kwanza? Na lile daftari langu la Pune, lenye jalada la kijani, bado unalo?

Nijibu kabla hujaijaza fomu, tafadhali.

Wako,
Mwana wa Bi Shufaa