Kukataliwa miwani si kukataliwa matibabu ya macho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu bima ya afya na macho, kwa sababu kutolielewa jambo hili kumemgharimu mama yangu.

Mama ana kisukari. Miaka mitatu iliyopita alikwenda kutafuta miwani ya kusomea, akaambiwa mapokezi, "Bima yako hailipi macho." Akalipa kutoka mfukoni, akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwa daktari wa macho. Alipoanza kuona madoa meusi yakielea mbele yake, mishipa ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ilikuwa tayari inavuja damu. Hapo ndipo tulipouchukua mkataba wake na kuusoma. Matibabu ya maradhi ya macho yalikuwamo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni miwani tu.

Bima nyingi huligawa jicho sehemu mbili. Kuna maradhi: mtoto wa jicho, glakoma (ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho), maambukizi, jeraha, retina iliyoharibiwa na kisukari. Hayo huhesabiwa kama ugonjwa mwingine wowote. Halafu kuna kupima miwani, fremu na lenzi zake, ambavyo huwa fao la pembeni lenye kikomo, au havimo kabisa. Upasuaji wa leza wa kuachana na miwani kwa kawaida haulipwi, kwa kuwa huonekana ni hiari ya mtu. Hata kwa mtoto wa jicho, mara nyingi bima hulipia lenzi ya kawaida; anayetaka ile ya kuonea mbali na karibu huongeza tofauti mwenyewe.

Sababu unayoitaja ukifika nayo ina uzito. Ukisema umekuja kupima miwani, ndivyo faili litakavyoandikwa, na dai linaweza kukataliwa. Mwenye kisukari aseme wazi kwamba amekuja kuchunguzwa retina kwa ajili ya kisukari chake, maana ndio ukweli, na kwa kawaida hushauriwa afanye hivyo kila mwaka hata kama anaona vizuri. Glakoma nayo mara nyingi haiumi. Hula uoni wa pembeni kimyakimya, na uliopotea haurudi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na kwamba kwa angalau bilioni 1 kati yao lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Nikisoma takwimu hizo namwona mama, na kadi yake ya bima ikiwa kwenye mkoba muda wote ule.

Nazisihi kampuni za bima ziandike mgawanyo huu ukurasa wa kwanza wa mkataba, kwa lugha anayoielewa mwanachama. Na ndugu zetu wa mapokezi, tafadhali, msiseme "hailipi macho" mnapokusudia "hailipi miwani."

Mama sasa anatibiwa retina yake kwa leza, na inayolipa ni kadi ile ile.

Msomaji wako