Usimpe tuzo mwigizaji ambaye hukumsikia

Ndugu Mhariri,

Orodha ambazo wasomaji wenu wamejaza kwenye fomu yenu ya kura, kuchagua wanaostahili tuzo za filamu za Oscar za 2025, zina kasoro moja kubwa. Mtu akishaipenda filamu ya Anora anaipa kila kitu, mpaka tuzo ya sauti, ambayo filamu hiyo haikuteuliwa kuiwania. Kasoro ya pili ni ya kwetu zaidi: wengi wanahukumu kwa nakala zilizotafsiriwa, ambamo mtu anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu, zile za kujaziwa kwenye flash mjini Mtwara, Lindi au Masasi. Suala la hakimiliki nawaachia wenye mamlaka. Mimi nazungumzia sauti.

Mtafsiri akianza kusema huishusha sauti ya asili, na mara nyingi haipandishi mpaka amalize maneno yake na vichekesho vyake. Kwa muvi ya ngumi hasara ni ndogo. Kwa tuzo za uigizaji, muziki na sauti, umebaki na picha tu. Mfano mzuri ni chaguo langu la mwigizaji msaidizi wa kiume, Yura Borisov wa Anora. Anamwigiza Igor, mbabe wa kukodiwa ambaye hasemi sana. Kazi yake yote iko kwenye kutazama na kunyamaza. Katika ile sehemu ya nyumbani kwa kijana wa Kirusi, inayokwenda zaidi ya dakika 20, wenzake wanapiga kelele na yeye anazidi kuona aibu. Mtafsiri hawezi kuvumilia kimya, ataujaza tu. Ukimtazama Igor hivyo utasema hakufanya lolote. (Na wenye mabanda ya video wajue: muvi hii ina ngono na matusi mengi, watoto watoke kwanza.)

Tuzo hiyo ilikwenda kwa Kieran Culkin wa A Real Pain. Ni mzuri sana, lakini yumo karibu filamu nzima, sawa na mwenzake Jesse Eisenberg. Upande wa wanawake, Zoe Saldaña wa Emilia Pérez naye ni hivyo hivyo. Studio hupenda kumpigia kampeni mhusika mkuu kwenye kundi la wasaidizi kwa sababu huko ushindani ni mwepesi, na wapiga kura hufuata.

Sauti nampa Dune: Part Two, kama walivyofanya Oscar wenyewe. Lakini nakala ya lugha ya asili nayo huharibika nyumbani, na hapa watu hulaumu filamu bure. Mafaili mengi yana sauti ya njia sita, ambamo maneno ya waigizaji yamewekwa hasa kwenye spika ya katikati. Runinga ina spika mbili. Kifaa kisipochanganya njia hizo vizuri, muziki na milipuko vinapanda, maneno yanazama. Ingia kwenye mpangilio wa sauti wa runinga au deki, ondoa chaguo la njia nyingi, weka PCM au stereo. Besi ya wale minyoo wakubwa wa jangwani wa Dune hutaipata kwenye spika za runinga nyembamba hata ufanyeje. Unganisha sabufa.

Picha, yaani tuzo ya mpiga picha, ni The Brutalist, bila ubishi. Lol Crawley alitumia VistaVision, mfumo wa miaka ya 1950 ambao mkanda wa milimita 35 hupita kwa ulalo ili kila picha ipate eneo kubwa zaidi. Filamu ina dakika 215, pamoja na mapumziko ya dakika 15 yaliyomo humo humo. Sasa fikiria dakika hizo zote zimebanwa kwenye faili la MB 700! Sehemu zenye giza ndizo huharibika kwanza, kuta zinageuka vigae vya miraba. Kisha mtu anaona ukanda mweusi kando ya picha, anabonyeza zoom, anakata vichwa vya watu. Ukanda huo uacheni. Filamu ilipigwa kwa umbo hilo. Mwongozaji bora nami nampa Brady Corbet kwa kazi hiyo hiyo.

Mavazi ni Wicked: Paul Tazewell, mwanamume mweusi wa kwanza kushinda tuzo hiyo. Mwigizaji wa kiume namchagua Ralph Fiennes wa Conclave mbele ya Adrien Brody. Katuni ni Flow ya Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, programu ya bure. Haina neno hata moja, wanyama watupu ndani ya jahazi na mafuriko. Nani atathubutu kuitafsiri?

Mwigizaji wa kike na filamu bora vyote ni I'm Still Here ya Brazil. Fernanda Torres ni Eunice Paiva, ambaye mumewe alichukuliwa na wanajeshi mwaka 1971. Mpiga picha wa gazeti anataka familia ionekane na huzuni. Eunice anawaambia watoto watabasamu. Huo ndio uigizaji ninaoutafuta. Filamu ni ya Kireno, na wenye ndugu ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, ambako Kireno kinazungumzwa, wanaweza kuifuata bila mtafsiri wala maandishi.

Ilipata tuzo ya filamu ya kimataifa, lakini filamu bora ilikwenda kwa Anora. Hapo ndipo fomu yenu ya kura inapokosea, kwa kuwa inataka jina moja tu. Kwa filamu bora, wapiga kura wa Oscar hupanga filamu kumi kwa namba. Tuseme karatasi ni 100: A ina nafasi za kwanza 40, B 35, C 25. Hakuna iliyovuka nusu, hivyo C inatoka na karatasi zake zinahamia chaguo la pili. Zikienda 18 kwa B na 7 kwa A, B inashinda kwa 53. Filamu inayopendwa sana na wachache, na kuchukiwa na waliobaki, huangukia hapo. Makundi mengine ni kura ya kawaida, mwenye nyingi ndiye mshindi.

Basi mwakani wekeni safu mbili, "atakayeshinda" na "anayestahili", na kwa filamu bora wekeni namba. Wekeni pia kisanduku cha kuuliza kama msomaji alitazama nakala iliyotafsiriwa, kura zake za uigizaji na sauti zihesabiwe kando. Fomu zifungwe Jumapili jioni: sherehe ya 2025 ilianza Los Angeles Jumapili saa 10 alasiri, na Mtwara ilikuwa imeshafika saa 9 usiku wa kuamkia Jumatatu.

Mpenzi wa filamu,
Mikindani, Mtwara