Haji, mawe haya hayana chokaa

Chennai, Jumapili usiku

Sahibu yangu Haji,

Assalaam alaykum. Mama anaendelea vizuri, alhamdulillah. Kidonda kinakauka na ameanza kulalamikia chakula, nami nimeichukua hiyo kuwa dalili njema. Daktari ametaka tusubiri wiki moja zaidi. Basi nikamwachia dada zamu, nikapanda treni ya usiku kwenda Thanjavur. Uliniambia nisirudi bila kuona kazi ya mawe ya Wahindi. Nimeiona.

Hekalu lile wenyeji wanaliita Periya Kovil, yaani hekalu kubwa, na hawajatia chumvi. Alilijenga mfalme Rajaraja wa Wachola, ukoo uliotawala huku kusini mwa India, kwa ajili ya mungu wao Shiva, likakamilika mwaka 1010. Mnara wake una mita 60 hivi, matale matupu, tabaka juu ya tabaka likipungua kuelekea kileleni, na ndani ni uwazi. Chokaa hakuna, Haji! Jiwe limekalia jiwe, limechongwa lishikane na mwenzake. Na pale ni bonde la mpunga la mto Kaveri. Matale yote yalikokotwa kutoka mbali. Sisi tunachimba matumbawe karibu na nyumba, bado tunagombana na mwenye gari la ng'ombe.

Kijana aliyetutembeza aliapa kuwa kivuli cha mnara hakifiki chini. Nami viatu nimeshavua kama ilivyo sharti, sakafu ya mawe inaniunguza, nimekimbilia kusimama ndani ya kivuli hichohicho. Sikumbishia. Anatafuta riziki yake.

Lakini kilichonishika hasa ni kuta za chini. Zimeandikwa Kitamil safu kwa safu, na maandishi yenyewe, utacheka, ni daftari la hesabu. Mfalme aliamuru kila alichotoa yeye, dada yake Kundavai, wake zake na watu wengine kichongwe kwenye jiwe. Wacheza ngoma wanawake 400 waliohamishwa kutoka mahekalu mengine wametajwa kwa majina, pamoja na mtaa na nyumba ya kila mmoja. Wamo wapiga ngoma, washonaji, wafinyanzi, hata vinyozi. Taa moja ya kuwaka daima ilitengewa kondoo majike 96: mchungaji anakabidhiwa, naye anapeleka samli kila siku. Na katika hesabu kondoo hao hawafi wala hawazeeki. Nimekaa na madaftari miaka 20, mkataba mkali kama huo sijauona.

Na fundi yumo. Kunjaramallan, aliyepewa cheo chenye jina la mfalme mwenyewe: Rajaraja Perunthachan, fundi mkuu. Nilikukumbuka, na ile nyumba uliyoijengea baraza upya wakabandika mlangoni jina la mfadhili peke yake.

Juu kidogo, kuzunguka chumba cha ndani, kuna ujia ambao wageni hawapandishwi. Nimeonyeshwa picha zake. Mikao ya ngoma ilitakiwa ichongwe 108. Iliyokamilika ni 81. Mawe yanayofuata yamewekwa mahali pake, tayari, hayakuguswa. Wewe niambie: mtu anasimamisha mnara mzima kisha anashindwa na michongo 27? Fedha ziliisha, au mafundi walihamishiwa kazi nyingine? Mambo hayo unayajua kuliko mimi.

Tunarudi Ijumaa ijayo, inshallah. Tindo nimepata mbili. Ya tatu muuzaji ananizungusha.

Wako,
Salum