Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri: naomba uamuzi wa maandishi kuhusu mwanangu

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

YAH: OMBI LA MSAADA RASMI WA KUJIFUNZA KWA MWANAFUNZI MWENYE USIKIVU HAFIFU, DARASA LA TATU

Rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa mtoto wa miaka 9 anayesoma shule ya msingi ya serikali katika halmashauri yako. Jina lake na la shule nimeyaandika kwenye barua iliyopokelewa masjala na kugongwa muhuri. Hapa sitayataja, kwa sababu sina ugomvi na shule, na sitaki mwanangu anyooshewe vidole sokoni. Nimeamua kuandika hadharani kwa kuwa barua za masjala zina tabia ya kulala, na ninaamini pembeni ya yangu zimelala za wazazi wengine.

Mwanangu hasikii vizuri. Alipata homa kali akiwa mdogo, akachomwa sindano nyingi, na tangu hapo tukaanza kuona haitiki akiitwa kutoka nyuma. Vipimo vya hospitali ya rufaa vinaonyesha sikio la kulia linaanza kusikia kwenye desibeli 55, la kushoto 65. Mtu anayeongea kawaida akiwa karibu nawe anafika kama desibeli 60. Kwa hiyo bila kifaa mtoto huyu anasikia kwamba kuna mtu anaongea, lakini maneno yanamfikia yametobolewa. Taabu kubwa iko kwenye s, f, sh na ch. Fungua daftari lake la imla uone: "shati" ameandika "hati", "sufuria" ameandika "uuria", "chafu" imekuwa "au". Pembeni kuna wino mwekundu wa mwalimu: "Sikiliza!"

Daftari la hisabati linasimulia habari nyingine kabisa. Maswali yakiandikwa ubaoni anapata 18 kwa 20. Hesabu za kichwa, zile mwalimu anazosoma kwa mdomo, anapata 4. Mtoto ni yule yule, na wiki ni ile ile.

Kifaa cha kusikia anacho, tena ukoo mzima ulichanga na shangazi yake akauza mahindi kabla bei haijapanda. Watu wakikiona sikioni wanadhani mambo yamekwisha. Kifaa hiki hakichagui, kinapandisha kila kitu: sauti ya mwalimu, dawati linaloburuzwa, darasa la jirani linaloimba jedwali, lori barabarani. Mwalimu akiwa hatua mbili mbele yake, uso kwa uso, anamwelewa vizuri tu. Akigeukia ubao huku anaongea, sauti inaenda ukutani na midomo haionekani tena. Na mvua ikipiga bati la darasa lisilo na dari, hapo hata mimi na masikio yangu mazima nisingeambulia kitu. Betri zake ni zile ndogo za namba 13, zinakwisha kwa wiki moja hadi mbili, na mjini kwetu haziuzwi. Naagiza Dar es Salaam zinakuja kwa basi. Hilo ni langu, sijaja kulilalamikia kwako.

Nililojia ni hili. Darasa la Kwanza na la Pili mwanangu alikuwa na mwalimu ambaye hakusomea elimu maalumu popote, ila ana akili ya kazi. Alimkalisha dawati la mbele, upande wa kushoto wa darasa, ili sikio la kulia lenye nafuu limwelekee yeye. Maneno mapya aliyaandika kwanza ubaoni ndipo akayasoma. Na hakuwa anamwuliza "umeelewa?", maana mtoto huyu kwa kuogopa kuchekwa anaitikia "ndiyo mwalimu" kwa kila kitu. Alikuwa anamwambia, "Hebu mweleze mwenzako nilichosema." Kwa utaratibu huo, ambao haukuigharimu serikali hata senti, mwanangu alijua kusoma kabla ya kumaliza Darasa la Pili.

Mwishoni mwa mwaka mwalimu yule akapata uhamisho kumfuata mume wake. Wazazi tulimuaga kwa khanga na machozi. Akaondoka na utaratibu wote kichwani mwake. Januari mtoto akaingia Darasa la Tatu, akakuta walimu wa masomo, kila mmoja na kipindi chake, na mwalimu wa darasa akapanga madawati kwa urefu: wafupi mbele, warefu nyuma. Ni mpango wa haki kabisa kwa chumba chenye watoto zaidi ya 100. Mwanangu ni mrefu, amemfuata baba yake. Akapelekwa dawati la mwisho, karibu na mlango.

Hakuna aliyemfanyia ubaya, Ndugu Mkurugenzi. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu kila ninapolifikisha suala hili mahali, watu wanaanza kumtetea mwalimu kabla sijamshtaki. Mwalimu mpya angejuaje? Pale shuleni hapakuwa na karatasi hata moja ya kumwambia kwamba huyu mrefu anatakiwa mbele. Nilipokwenda kueleza, nilisikilizwa kwa upole, akasogezwa mbele, na wiki chache baadaye madawati yalipopangwa upya kwa ajili ya mitihani akarudi nyuma. Nimeeleza tena. Mwalimu wa zamu akibadilika, naeleza upya.

Nikupe mfano mmoja wa kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka. Niliitwa mbele ya kamati ya shule kujibu kuhusu utoro wa mwanangu. Nilishangaa, kwa sababu namsindikiza mwenyewe hadi getini. Kumbe mwalimu anaita majina mbiombio akiwa ameinamia daftari la mahudhurio, na mtoto kule nyuma hasikii jina lake, haitiki, anawekewa alama ya kutokuwepo naye ameketi humo humo ndani. Niliweka mezani madaftari yake yenye kazi za tarehe zile zile, zimesahihishwa na walimu wa shule ile ile. Mjumbe mmoja mzee alicheka mpaka akavua kofia. Kesi ikafia palepale. Lakini ripoti ya muhula haikubadilishwa, na imeandikwa: "Ana uwezo, ila hasikilizi."

Ushauri ninaopewa mara nyingi, tena kwa nia njema, ni kumpeleka shule ya viziwi ya bweni. Shule hizo naziheshimu. Tabora Viziwi ipo tangu 1963, Buguruni tangu 1974, na kwa mtoto ambaye lugha yake ni ya alama, kule ndiko waliko wenzake na walimu wanaomwelewa. Mwanangu lugha yake ni Kiswahili cha mdomo. Anabishana nacho kutwa nzima na mdogo wake, anaimbia kwaya ya watoto (nje ya sauti kidogo, lakini anaimba). Kumtenga na nyumbani akiwa na miaka 9 kwa sababu tumeshindwa kukubaliana akae dawati gani, hilo siliafiki.

Wala sheria haituelekezi huko. Mimi si mwanasheria, lakini Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nimeisoma. Kifungu cha 27 kinaanzia shule ya kawaida: mtoto mwenye ulemavu atasoma humo, iwe ya umma au ya binafsi, isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalumu. Kinaendelea kwamba apatiwe huduma za kumwezesha kujifunza, kutoka kwa mwalimu mwenye sifa au mwalimu aliyepangiwa kazi hiyo. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Wizara ikatoa Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26. Karatasi za ngazi ya juu zimejaa. Inayokosekana ni ya huku chini, yenye jina la mtoto.

Kwa hiyo naomba Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri afike shuleni amwone mwanangu darasani wakati somo linaendelea. Asimwonee ofisini kwa Mwalimu Mkuu, ambako pametulia na atamjibu kila swali, halafu iandikwe kwamba hana tatizo. Chati ya vipimo nimeambatisha kwenye barua ya masjala. Akishamwona, aandike mpango wake binafsi wa kujifunza. Ukurasa mmoja unatosha: anakaa wapi, walimu wanafanya nini wakiwa wanafundisha na wakati wa mvua, imla na mahudhurio vinaendeshwaje kwake, nani anafuatilia, na mpango unapitiwa lini tena. Mwalimu Mkuu ausaini, uwekwe kwenye jalada la mtoto, kila mwalimu wa somo apate nakala. Mtoto akipanda darasa upande naye. Mwalimu akihama, mpango ubaki.

Naharakisha kwa sababu mwakani kuna upimaji wa taifa wa Darasa la Nne, na asiyefikia kiwango anarudia darasa. Baraza la Mitihani lina taratibu za siku nyingi kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu: nukta nundu kwa wasioona, maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, muda wa nyongeza. Ila Baraza haliwezi kumjua mtoto ambaye hajaandikwa. Taarifa zake zinatoka shuleni wakati wa usajili na kupitia kwenye ofisi unayoiongoza. Mwanangu akisajiliwa kama mtoto asiye na hitaji lolote, siku ile msimamizi hatakuwa na sababu ya kusogea karibu naye anaposoma maelekezo, hata akitaka.

Najua utaniambia kuhusu fedha. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake inabaki juu kununulia vitabu. Siombi kitu kutoka humo. Najua pia kuhusu uhaba wa walimu, na mwalimu mwenye watoto zaidi ya 100 simwombi amfundishe mmoja peke yake. Namwomba asimame mahali fulani na aelekee upande fulani. Kama kwenye orodha yako ya watumishi yupo aliyesomea elimu maalumu pale chuo cha ualimu Patandi halafu akapangiwa darasa la kawaida kama wengine, mpe angalau siku moja kwa mwezi azungukie shule za kata yetu akae na walimu wenzake. Mshahara wake unalipwa tayari.

Mtumishi mmoja aliniambia, "Mama, tukikufanyia wewe watakuja wote." Waje. Dawati la pili kutoka kwa mwanangu kuna kijana anayetokwa usaha masikioni kila masika, na hakuna aliyewahi kumpima. Yupo msichana anayeinuka kwenda hadi ubaoni kunakili kisha anarudi kukaa, sentensi baada ya sentensi, na anagombezwa kwa kuzurura. Hao hawajaja kutoka wilaya nyingine. Wapo kwenye idadi unayoituma mkoani kila mwaka.

Muhula wa pili unaanza Julai. Naomba jibu la maandishi kabla shule hazijafunguliwa. Hata likiwa la kukataa, liwe na sababu, tarehe na saini, ili nikienda kwa Afisa Elimu wa Mkoa niwe na kitu mkononi. Kwa sasa nimeelewana kwa mdomo na mwalimu wa Kiswahili: kipindi chake kikifika, mwanangu anachukua begi anahamia mbele. Kengele ikilia anarudi nyuma.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama wa mwanafunzi, Darasa la Tatu

Nakala:
Afisa Elimu Maalumu, Halmashauri
Afisa Elimu Kata
Mheshimiwa Diwani
Mwenyekiti, Kamati ya Shule
Mwalimu Mkuu