Uliza, Kisha Unyamaze

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Nimefurahi mno kusikia kwamba mwaka huu ukoo mzima unakutana kwenu, na kwamba wewe ndiye uliyepewa kazi ya kuwachangamsha watu baada ya kula. Mambo ya sikukuu uliyoniomba nimekukusanyia, ila nakusihi usiyasome kwenye karatasi kama taarifa ya habari. Uliza swali, kisha unyamaze. Waache wabishane. Utamu uko kwenye ubishi, jibu ni la kumalizia tu.

Anza na wimbo. Waombe waimbe Jingle Bells, halafu uwaulize Krismasi imetajwa ubeti gani. Watauimba tena na tena wakiitafuta, wala hawataipata, maana haimo. Mmarekani James Lord Pierpont aliuchapisha mwaka 1857 kwa jina jingine kabisa, One Horse Open Sleigh, na unasimulia raha ya kukokotwa na farasi juu ya theluji, basi. Vijana wakidhani umemaliza, waambie wimbo huohuo uliwahi kupigwa angani. Desemba 16, 1965, wanaanga wa chombo cha Marekani kiitwacho Gemini 6, Wally Schirra na Tom Stafford, waliwaarifu wenzao waliobaki duniani kwamba wanaona kitu kikitoka kaskazini kwenda kusini. Kabla hao hawajajua la kufanya, wakasikia kinanda cha mdomo na njuga, vitu ambavyo wanaanga hao walivipenyeza chomboni kimyakimya. Hilo lisimulie taratibu, na sauti uibadilishe, watoto watakuganda.

Wapenda hesabu nao wana lao. Je, inawezekana saa za ukutani za mahali pawili zionyeshe wakati uleule, lakini huku ni mwaka mpya na kule bado ni mwaka wa jana? Inawezekana. Kisiwa cha Kiritimati, nchini Kiribati, na visiwa vya Hawaii vina saa ileile, ila Hawaii iko nyuma siku nzima. Zamani mstari wa tarehe, ule wa kufikirika ambao ukiuvuka siku inabadilika, uliigawa Kiribati, ofisi za upande mmoja zikiwa kazini Jumatatu huku upande wa pili ni Jumapili, hadi serikali ilipousogeza mwaka 1995.

Ninalolipenda kuliko yote, nalo ulipe muda, ni la Idd. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko huu wa kalenda ya ukutani kwa siku zipatazo 11, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka na kuzunguka majira yote kwa miaka kama 33. Ndiyo sababu mwaka 2000 ulikuwa na Idd el-Fitr mbili, moja Januari na nyingine Desemba, na mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili. Ukishasema hivyo, mgeukie mzee yeyote aliyefunga tangu utotoni na umuulize mfungo wake wa kwanza uliangukia majira gani. Kama ni ya joto, atakueleza kiu ile, nani alimchungulia asinywe maji, na nani alimsifu magharibi ilipoingia. Hapo jukumu lako limekwisha, kaa usikilize. Mimi napima jambo la kusimulia kwa kigezo hicho tu: je, linamfungua mtu mwingine mdomo?

Lile la tarehe halisi aliyozaliwa Yesu usilitie kabisa. Si ubishi wa kucheka, na baraza litagawanyika. Tena uwe mkali na ukweli. Ukiutaja Usiku Mtakatifu, sema uliimbwa mara ya kwanza Desemba 24, 1818, Oberndorf huko Austria, maneno ya padri Joseph Mohr na muziki wa Franz Xaver Gruber, kwa gitaa. Kisa cha kwamba gitaa lilitumika eti kwa sababu panya walitafuna kinanda cha kanisa kiache, ni hadithi isiyo na ushahidi, na mjukuu mwenye simu mkononi atakuumbua papo hapo.

Watu wakichoka, acha hata kama hujamaliza. Kisha niandikie uniambie wazee walisema nini kuhusu mifungo yao, maana hayo mimi siwezi kuyapata kitabuni.

Wako akupendaye,
Rafiki yako