Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Baruti Tuliyo Nayo Nyumbani na Umri Wake

Ndugu wanachama,

Katika taarifa ya mwaka jana niliandika aya moja tu juu ya baruti, kwa kuwa niliamini kwamba kila mwindaji mwenye kibali anayejijazia risasi zake mwenyewe anakijua vyema kile anachokihifadhi. Safari hii taarifa nzima ni ya baruti, na sababu yake ni kopo moja.

Mwezi wa Oktoba, joto la Lubumbashi likiwa kali na mvua bado hazijakaza, mwanachama mwenzetu wa siku nyingi aliniita kwake, katika komine ya Kampemba, ili anionyeshe baruti aliyoirithi kutoka kwa baba yake mkubwa. Lilikuwa kopo la bati ambalo maandishi yake yalikwisha kufifia, na kwa maelezo ya familia lilinunuliwa wakati mji huu ungali ukiitwa Élisabethville, yaani kabla ya 1966. Miaka yote hiyo lilikaa juu ya kabati, karibu na mabati ya paa, katika chumba kisicho na dari. Tulipolegeza kifuniko uani, ilitoka harufu kali ya uchachu iliyotuwasha pua, ukafuatia mvuke mwepesi wa rangi ya kahawia nyekundu, na upande wa ndani wa kifuniko ulikuwa umeliwa na kutu. Mzee alisikitika. Aliniambia, «Prezida, hii njo ilikuwa inaangusha nyati.» Sikuwa na shaka na maneno yake, ila tangu siku zile za nyati baruti ile iliendelea kuzeeka bila mtu kuiangalia.

Naomba nieleze kwa kituo kinachotokea ndani ya kopo, maana nimegundua kwamba wengi wetu tunaichukulia baruti isiyo na moshi kama chumvi, kitu ambacho kikikaa pakavu hakibadiliki. Baruti hii hutengenezwa kwa nitroselulosi, yaani nyuzi za pamba au mbao zilizotiwa asidi ya nitriki, na aina nyingine huongezewa nitrogliserini, kimiminika chenye kulipuka. Nitroselulosi huvunjika polepole tangu siku inapotoka kiwandani, na inapovunjika hutoa oksidi za nitrojeni, ambazo zikikutana na unyevu hugeuka asidi, na asidi hiyo nayo huharakisha uvunjikaji uliobaki. Ndiyo maana watengenezaji huchanganya ndani yake kiimarishaji, mara nyingi difenilamini, ambacho kazi yake ni kuzinasa gesi hizo kabla hazijaleta madhara. Kiimarishaji hakizuii uzee, kinauchelewesha tu, na kila kinaponasa gesi chenyewe kinapungua. Siku kinapokwisha, joto linalozalishwa ndani ya rundo la baruti linaweza kuzidi lile linalotoka nje, na baruti ikajiwasha yenyewe bila kiberiti wala cheche.

Somo hili lilipatikana kwa gharama kubwa. Baruti ya kwanza ya aina hii iliyofaa kwa bunduki, Poudre B, ilibuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, na kwa miaka mingi kiimarishaji chake kilikuwa alkoholi ya amili, ambayo ilikuwa dhaifu. Tarehe 12 Machi 1907 manowari Iéna ililipuka bandarini Toulon, na tarehe 25 Septemba 1911 manowari Liberté ikalipuka bandarini humohumo, na lawama ziliangukia Poudre B iliyoharibika katika maghala ya meli hizo. Kopo la nyumbani si ghala la manowari, nakubali, lakini kemia ni ileile.

Sasa, je, umri wa baruti unajulikanaje? Tarehe iliyoandikwa kwenye kopo inasaidia, lakini haitoshi, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanachama waliopendekeza tuweke idadi ya miaka na kutupa kila kinachoizidi. Wanakemia wana kanuni ya jumla kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya mabadiliko kama haya huongezeka takriban maradufu. Kwa hiyo baruti iliyohifadhiwa kwenye nyuzi 20 kwa miaka mingi inaweza kuwa kijana kuliko ile iliyokaa miaka michache tu chini ya mabati yanayochomwa na jua. Kinachopaswa kuulizwa ni mahali kopo lilipoishi, na kama kuna mtu aliyewahi kuihamisha baruti kutoka chombo kingine.

Dalili zenyewe ni chache. Baruti nzima hunukia kwa mbali kama etha au spiriti, harufu ambayo wengi wetu tunaikumbuka kutoka zahanati, nayo isichanganywe na uchachu wa asidi unaowasha. Iliyoharibika huweza kutoa vumbi la rangi ya kutu kati ya chembe, chembe huweza kushikamana, na kopo la bati hushika kutu kwa ndani. Hapa mjini kwetu lazima niongeze angalizo, kwani vumbi jekundu limejaa kila mahali wakati wa kiangazi na wanachama wawili waliniita kwa hofu isiyo na msingi. Vumbi lililo nje ya kopo ni la barabara. Linalotuhusu ni lile la ndani, kwenye kopo lililokuwa limefungwa vizuri. Kopo likiwa na joto kuliko vitu vilivyo jirani yake, lisifunguliwe, watu waondoke chumbani na halmashauri ya chama chetu ijulishwe mara moja. Aidha, kukosekana kwa dalili si cheti cha afya, kwa sababu kiimarishaji hakionekani kwa macho.

Yupo aliyeniambia kwamba baruti ya zamani hupoteza nguvu tu, na kwamba dawa yake ni kuongeza kipimo. Nasema kwa uzito wa cheo nilichopewa: hapana. Baruti iliyoharibika haitabiriki; risasi moja inaweza kuwa dhaifu na ya pili ikapandisha mgandamizo kuliko bunduki inavyoweza kustahimili.

Kuhusu hifadhi, baruti ibaki katika kopo lake la kiwandani, ambalo limetengenezwa kwa makusudi liachie upesi moto unapotokea. Nilikuta mwanachama ameihamishia yake katika sanduku zito la chuma lenye kufuli, akidhani anaongeza usalama. Baruti iliyo wazi huungua, bali iliyobanwa ndani ya chuma hulipuka, kwa hiyo sanduku lile lilikuwa karibu sawa na bomu. Kabati la mbao nene lenye kufuli linafaa zaidi, likiwa katika chumba cha ndani chenye dari, mbali na jiko, makaa, petroli na fataki za risasi, zile kofia ndogo zinazoiwasha baruti. Jokofu silipendekezi, kwani kwa jinsi umeme unavyokatika kwetu kopo litapoa na kupata joto kila siku, na unyevu utajikusanya juu yake na kuingia ndani kila linapofunguliwa. Makopo mawili yasichanganywe kamwe, hata kama majina ni yaleyale.

Baruti ya kopo la Kampemba tuliiondoa kwa utaratibu. Tuliilowesha baruti kwa maji mengi katika ndoo ya plastiki, nje, mbali na nyumba, kisha tukaitawanya kwa tabaka jembamba juu ya udongo usio karibu na kisima. Haikutupwa jalalani ambako watoto huokota vitu, wala haikumwagwa chooni.

Fedha za mwaka zimetumika kununulia vipimajoto vya ukutani kwa wanachama wenye akiba ya baruti, na kila mmoja ameombwa aandike kwenye kopo, kwa wino usiofutika, mwezi na mwaka alipolipata na siku alipolifungua. Wanachama watatu hawajakubali kukaguliwa, wakisema nyumba ni siri ya mtu. Naiheshimu hoja hiyo, lakini jirani anayelala upande wa pili wa ukuta hakuulizwa. Wanaorithi makopo wakumbuke pia kwamba Sheria-Amri namba 85-035 ya 3 Septemba 1985 inatawala silaha na risasi nchini, na kibali cha marehemu hakirithiwi pamoja na kabati lake.

Ukaguzi ujao utafanyika mwezi wa Agosti, kabla joto la Septemba halijaanza. Nitaanzia nyumbani kwangu, na mwanachama yeyote anayetaka kunusa makopo yangu anakaribishwa.

Mwenyekiti,
Lubumbashi