Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: tuonyesheni hati tuliyotia saini

Ndugu Mkurugenzi,

Kwa heshima inayostahili ofisi yako, naomba nikupongeze kwa hafla ya wiki iliyopita hapa jijini Mwanza, ambapo chuo kingine na kiwanda kingine vilitia saini hati nyingine ya makubaliano mbele yako, kwa hotuba ileile tuliyoisikia sisi tulipokalia viti hivyo: chuo kitaleta ujuzi, kiwanda kitaleta mtaji na soko, na Serikali itaziba pengo. Picha zilipendeza. Nauliza tu ile hati yetu imeishia wapi.

Utakumbuka, au wasaidizi wako watakukumbusha, kwamba yetu ilihusu kikaushio cha dagaa kinachotumia joto la jua na feni. Haja yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kufika Igombe au Kirumba Mwaloni. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na katika siku za giza, mbalamwezi isipokuwapo, hufika mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, kwa wingi kwa mfululizo. Mama aliyewanunua alfajiri kwa ndoo hulitegemea jua la siku hiyohiyo kuwaanika mchangani au kwenye chanja. Mvua ikinyesha saa saba mchana, mzigo uliokuwa uende Kongo au Burundi kama chakula cha watu huishia kwa watengenezaji wa chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa. Wanafunzi wangu walikijenga kikaushio, na kilikausha. Kilichobaki ni hatua ambayo chuo hakiiwezi peke yake, yaani kukijaribu mwaloni masika yote, kupeleka dagaa wake Shirika la Viwango wapimwe, kisha kukitengeneza kwa wingi. Kwa tulivyoelezwa siku ya saini, kiwanda kingetoa eneo na mafundi, na ofisi yako ingetoa awamu ya pili ya fedha.

Hakikuja hiki wala kile. Kiwanda kinasema kinaisubiri ofisi yako, na ofisi yako inasema inasubiri taarifa ya kiwanda. Wakati mnasubiriana, mkopo wa SACCOS nilionunulia mabati na feni unakatwa kila mwezi kwenye mshahara wangu, na kijana aliyebuni mfumo wa hewa sasa anauza makava ya simu Makoroboi. (Anapata riziki yake halali, ila si kazi tuliyomsomeshea.)

Nadhani viwanda vyetu vya samaki, vilivyozoea minofu ya sangara ya kupeleka Ulaya, na siku hizi mabondo (vibofu vya hewa vya samaki), havioni faida ya kujishughulisha na dagaa wa akina mama. Au huenda waliotia saini walivutana juu ya nani angemiliki hataza, yaani haki ya ubunifu huo. Siwezi kujua, kwa sababu sisi tuliofanya utafiti hatujawahi kupewa nakala ya hati hiyo, tulipewa fulana.

Sisemi kwamba nchi haina nia. Tume ya Sayansi na Teknolojia iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 425 kwa mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, ambao kuunganisha vyuo na viwanda ni sehemu ya shabaha zake. Nia ipo hata kwenye vitabu vya bajeti. Ila mwaloni hakuna aliyewahi kuanika dagaa juu ya nia.

Sidai fedha tena, ingawa zile tuliahidiwa, na tuliahidiwa hadharani. Naomba jambo moja: hati ile iwekwe wazi yote, pamoja na viambatisho vyake, ionekane nani alipaswa kutoa nini na lini, na nani wa kuulizwa asipotoa. Ya wiki iliyopita nayo iwekwe wazi, kabla wenzetu hawajaingia kwenye mikopo kama mimi. Kama kuna siri ya kibiashara ndani yake, ifunikwe mistari hiyo tu. Nakala nitaifuata mwenyewe ofisini kwako, usipate gharama ya kuituma.

Wako mtiifu,
Mhadhiri wa uhandisi, Mwanza